Keshero: Miaka kumi baada ya lisansi, wakutana kuhesabu waliobaki na pesa zilizokwama benki

GOMA – Viti vya plastiki viliazimwa kanisani, soda zikaletwa na motari, na daftari la mahudhurio likawekwa juu ya meza ndogo katika ua wa nyumba moja ya mbao kwenye kata ya Keshero, magharibi mwa mji wa Goma. Ilikuwa Jumapili ya katikati ya Agosti 2025. Wanafunzi wa zamani waliomaliza pamoja masomo ya uchumi na usimamizi mwaka 2015 walikuwa wanatimiza miaka kumi tangu siku ya kolasyoni, ile sherehe ya kupewa vyeti.

Sherehe haikuwa sababu pekee ya kuja. Zilibaki wiki mbili shule zifunguliwe, na kulikuwa na mtoto mmoja anayeingia darasa la nne ambaye karo yake ni deni lao wote.

Mtoto huyo ni binti wa CP wao, yaani mkuu wa promosyoni, ambaye wenzake walizoea kumwita kwa herufi hizo mbili hata baada ya kuacha chuo. CP alikufa katika mapigano ya mwisho wa Januari 2025, wakati waasi wa M23 walipouteka mji. Mwanzoni mwa Machi, walipoweza kukutana tena, wenzake waliahidi mbele ya mjane kwamba watamsomesha binti huyo mpaka apate diploma ya serikali. Ahadi ilikuwa na msingi: promosyoni ina akiba benki. Shida ni kwamba hakuna anayeweza kuifikia.

Kwa sababu za usalama na kwa ombi lao, hatutaji majina ya watu hawa, wala la chuo walichosomea, wala la benki.

Orodha ya 2015

Promosyoni hii ina desturi moja iliyoachwa na CP mwenyewe. Kila wanapokutana, orodha ya zamani ya mahudhurio husomwa kama darasani. Anayeitwa husimama na kueleza anafanya kazi gani kweli. Kueleza alichosomea hairuhusiwi, kwa sababu wote walisomea kitu kimoja.

Orodha ina majina 34. Waliofika Keshero ni 13. Wengine tisa walituma sauti kwa WhatsApp kutoka Kinshasa, Beni, Kampala, Nairobi na Kanada. Watatu wamefariki: mmoja kwa ugonjwa, mmoja kwa ajali ya barabarani, na CP. Tisa waliobaki hawakujibu, na hakuna aliyetaka kukisia sababu.

Wote ni watu wa mfumo wa zamani wa vyuo vya Kongo: miaka mitatu ya grada na miwili ya lisansi, kabla nchi haijaanza kuhamia mfumo wa LMD katika mwaka wa masomo 2021-2022. Walimaliza wakati Goma ikivuta pumzi. M23 walikuwa wameshindwa vitani Novemba 2013, baada ya kuushika mji huu kwa siku chache mwishoni mwa 2012. Desemba 2015, mtambo wa umeme wa Matebe ulizinduliwa wilayani Rutshuru, na vijana wa uchumi wakawa wanazungumza juu ya viwanda. Siku ya kolasyoni walivaa toga, wakamwagiwa poda vichwani, wakapigwa picha na wazazi. Baada ya hapo wakaanza kutembeza barua za kuomba kazi, kila moja ikiwa na nakala ya kadi ya ONEM, ofisi ya taifa ya ajira.

Wengi waliomba kwa karatasi ya muda tu, kwa kuwa diploma yenyewe ilichelewa. Mmoja, ambaye sasa yuko Kampala, alieleza kwa sauti ya WhatsApp kwamba diploma yake ilimfikia mwaka wa nne, wakati nafasi ya kuendelea na masomo aliyokuwa ameipata ilikwisha kupita. Alianza kwa kuuza simu. Leo ana duka la vipuri vya pikipiki, na anasema wateja wake wengi ni Wakongo.

Wa tatu kuitwa alikuwa mwenye nyumba, mama wa watoto watatu na mhazini wa kundi. Yeye huuza sambaza kwa jumla katika soko la Kituku, ukingoni mwa ziwa. Alikumbusha kwamba mwaka 2016, alipoweka beseni la kwanza, wenzake wawili walipita wakajifanya hawamjui. Waliotajwa walikuwepo, wakacheka kwa aibu. Kazi yake haijawa rahisi. Oktoba 3, 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku na kuua makumi ya watu. Wakati huo abiria na bidhaa zilijazana ziwani kwa sababu vita vilikuwa vimekata barabara ya Sake. Alipoteza wateja wawili siku hiyo. Anasema tangu hapo huhesabu watu walio ndani ya mashua kwanza, ndipo ahesabu mizigo yake.

Aliyemfuata ni mwalimu. Anafundisha hesabu za biashara katika shule ya sekondari tangu 2016, na mpaka leo hayumo kwenye orodha ya malipo ya serikali. Walimu kama yeye huitwa "NU", yaani vitengo vipya, hata kama upya huo umedumu karibu miaka kumi. Huishi kwa mchango wa wazazi. Mwaka huu wazazi wengi hawana cha kutoa, na kuna miezi aliyopokea kiasi kisichotosha hata gunia la makala. Alipoulizwa kwa nini haachi, alisema kwamba akiacha atapoteza miaka yote aliyongoja jina lake lifike Kinshasa.

Mwingine anasoma mita za umeme. Mwingine ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Dada mmoja alifanya kazi katika mapambano dhidi ya Ebola, yaliyoitwa na watu wote "Riposti", tangu ugonjwa ulipofika Goma Julai 2019. Riposti ilipokwisha, alitumia akiba yake kununua mashine mbili za kushona. Sasa anashona sare za shule. Msimu wake ni Agosti, na alikuja mkutanoni akiwa bado na futi ya kupimia shingoni.

Siku saba za Januari

Kwa muda mrefu, aliyetolewa mfano na promosyoni hii alikuwa mmoja tu. Alipata kazi ya ugavi katika shirika la kimataifa mwaka 2017, akapanda cheo, akanunua kiwanja Keshero na kuanza kujenga nyumba ya matofali. Wenzake wanakiri kwamba wazazi wao walimtaja kila walipotaka kuwagombeza.

Aliposimama, hakuzungumza kwa muda mrefu. Januari 20, 2025, serikali mpya ya Marekani ilitangaza kusimamisha misaada ya nje. Siku chache baadaye shirika lake lilipokea amri ya kuacha kazi. Januari 27, M23 waliingia Goma. Katika siku saba, anasema, alipoteza mshahara, na mji aliozoea kuuishi ukageuka mwingine.

Kisa chake si cha peke yake. Mwaka 2024 Marekani ililipia karibu asilimia 70 ya msaada wa kibinadamu uliotolewa Kongo, na Goma ndiyo iliyokuwa makao ya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kambi za wakimbizi wa ndani zilizokuwa pembeni ya mji, Bulengo na Lushagala zikiwemo, zilibomolewa au kuachwa Februari. Walioajiriwa kuhesabu mahema, kugawa maji na kuendesha magari walirudi nyumbani. Kati ya 13 waliokuja Keshero, watano walikuwa na kazi za mashirika mwaka jana. Leo amebaki mmoja, na mkataba wake unaisha Desemba.

Yule wa ugavi sasa huwasaidia wafanyabiashara kujaza karatasi za forodha mpakani, siku anapopata mteja. Nyumba yake imeishia kwenye lenta. Alisema hilo mwenyewe kabla hajaulizwa, kisha akaketi.

Jina la CP lilipofika, msomaji alisita. Mjane, aliyealikwa, alisimama badala yake na kufuata kanuni ya mumewe. Alisema anauza makala Ndosho kwa ndoo, kwa kuwa gunia sasa linamshinda. Alisema hakuja kuomba huruma. Ombi lake lilikuwa moja: risiti ya shule iandikwe kwa jina la mtoto, isiwe kwa jina la kundi, ili binti akikua ajue alilipiwa kama watoto wengine.

Sahihi mbili kati ya tatu

Akiba yenyewe ilianza 2016. Wanachama 22 walikubaliana kutoa dola tano kila mwezi. Wenzao wengine wa Goma wana likelemba, ambapo pesa huzunguka na kila mtu hula zamu yake. CP alikataa njia hiyo. Alitaka pesa zikae, zitumike kwa mazishi, uzazi na mikopo midogo. Walizifuja mara moja tu, mwaka 2018, kwa harusi ambayo bado inazua mabishano. Walipohesabu Desemba 2024, zilikuwa dola 3,860.

Kutoa pesa kulihitaji sahihi mbili kati ya tatu: ya CP, ya mhazini ambaye ndiye mama wa Kituku, na ya katibu, ambaye alihamia Kinshasa mwaka 2022 kufanya kazi katika wizara.

Tangu M23 waingie, matawi ya benki za biashara mjini Goma yamefungwa. Wakaaji hutegemea pesa za simu, na noti zenyewe ni adimu na chakavu. Wenye kadi huvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kutafuta mashine za benki. Aprili, watawala wapya walifungua ofisi ya CADECO, taasisi ya akiba ya taifa, lakini hiyo haiwezi kugusa akaunti iliyo katika benki nyingine. Na akaunti ya kundi haina kadi.

Katibu alikwenda kwenye benki hiyo Kinshasa mara tatu. Alijibiwa kwamba kwa kuwa mmoja wa wenye sahihi amekufa, zinahitajika karatasi mbili: mukhtasari wa mkutano unaomtaja atakayechukua nafasi yake, na cheti cha kifo. Kisha wote wawili watakaosaini wafike wenyewe kwenye tawi lililo wazi.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa. Mhazini akitaka kufika tawi la Beni, ambalo liko katika jimbo lilelile la Kivu Kaskazini, njia anayoweza kuitegemea ni kutokea Bunagana, kupita Uganda, na kuingia tena Kongo kwa Kasindi. Ni kuvuka mpaka wa kimataifa mara mbili ili kufika mji wa jimbo lako. Nauli, kulala na karatasi za safari vingekula sehemu kubwa ya karo ya mwaka.

Cheti cha kifo nacho kina swali lake. Mwanzoni mwa Februari, Umoja wa Mataifa ulisema maiti zaidi ya 2,900 zilikuwa zimezikwa au kuhifadhiwa baada ya mapigano ya Goma. Katika siku hizo familia ya CP ilipata karatasi ya hospitali tu. Cheti kamili sasa kingetolewa na ofisi ya mji iliyo chini ya AFC/M23, na muhuri wa ofisi hiyo hautambuliwi na serikali ya Kinshasa. Mjane aliuliza swali ambalo hakuna mchumi pale aliyelijibu: je, mumewe amekufa kwa muhuri wa nani?

Kura chini ya mparachichi

Mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza lilitoka kwa mwalimu. Alitaka mukhtasari umtaje mwenzao anayeishi Beni kuwa mwenye sahihi mpya. Yeye akiwa Beni na katibu akiwa Kinshasa, wote wako upande wenye benki, na itakuwa rahisi zaidi kwa mmoja kumfuata mwenzake kuliko mtu kutoka Goma. Pesa za karo zingetumwa kwa simu.

Kila mtu alielewa maana yake. Pesa zilizowekwa kwa miaka tisa, nyingi zikitoka kwa watu wa Goma, zingekuwa mikononi mwa wawili ambao hakuna aliyewaona uso kwa uso tangu vita. Mhazini, ambaye angepoteza usemi wake, alikaa kimya muda wote wa mjadala.

Pendekezo la pili lilitoka kwa yule wa ugavi. Alikubali njia ya Beni, lakini alitaka ikisha kufanikiwa, karo ya mwaka mmoja itengwe na zilizobaki zigawanywe. Alieleza bila kupandisha sauti kwamba watu wanne kati ya waliokaa pale hawana kazi, na kwamba akiba iliyowekwa kwa ajili ya siku mbaya haina maana kama siku mbaya yenyewe ikifika haifunguliwi. Wawili walitikisa kichwa kukubali. Dada mshonaji alimjibu kwamba ahadi ilitolewa kwa mtoto, na kwamba CP angekuwa hai asingewaruhusu wagawane. Yule wa ugavi akamkumbusha kwamba CP ndiye aliyemkopesha yeye, dada huyo, dola 200 za mashine ya pili. Mabishano yakawa makali kwa dakika kadhaa, hata watoto wa mwenye nyumba wakaja mlangoni kutazama.

Hapo mhazini alizungumza. Alisema yuko tayari kuacha sahihi yake. Alifungua daftari na kusoma mikopo yote tangu 2016: nani alikopa, lini, na kama alirudisha. Jina la kila aliyekuwepo lilisikika, lake likiwemo. Alipomaliza, alisema pesa hizo zikigawanywa kila mwanachama atapata kiasi cha kula mwezi mmoja au miwili, na baada ya hapo hakutakuwa na daftari la kusoma.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Mwenzao wa Beni kuwa mwenye sahihi: tisa ndiyo, watatu hapana, mmoja hakupiga. Kutogawana pesa: nane ndiyo, watano hapana. Wakaongeza kifungu kimoja kutokana na hoja ya yule wa ugavi: zikitoka, theluthi moja itakuwa mikopo bila faida kwa wasio na kazi, na itarudishwa katika miezi 18. Mukhtasari uliandikwa nakala nne, ukasainiwa na wote 13, wakiwemo waliopinga. Kuhusu kifo, watatuma karatasi ya hospitali na barua ya kanisa lililomzika, bila muhuri wa ofisi yoyote ya mji, wangojee benki iseme nini.

Dola 18

Karo haikuweza kungoja. Binti anasoma shule ya binafsi, kwa sababu madarasa ya shule za umma yalifurika tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, na baba yake hakutaka akae watu watatu kwenye benchi. Muhula wa kwanza ni dola 80. Sare na madaftari ni 35. Jumla 115.

Kofia ilizungushwa. Zilianguka noti za dola moja na tano, nyingine zikiwa na mikunjo ambayo wabadilishaji wa Birere wangezikataa, pamoja na franga za Kongo. Kampala na Kanada walituma kwa simu. Mwalimu ambaye halipwi alitoa dola mbili, na wenzake walipotaka kumrudishia alikataa. Dada mshonaji alisema sare atashona mwenyewe, hivyo dola 15 zikapunguzwa kwenye hesabu. Yule wa ugavi, aliyeshindwa kwenye kura ya kugawana pesa, alitoa dola 10 na kuomba ziandikwe daftarini kama nyingine zote.

Zilipohesabiwa, zilikuwa 82. Zilihitajika 100. Mhazini alisema 18 zilizopungua atazitanguliza kutoka kwenye mauzo ya sambaza ya wiki hiyo, na akaandika deni hilo kwa jina la promosyoni.

Walikula fufu, sombe na sambaza za kukaanga, wakapiga picha mbele ya ukuta wa mawe ya volkano, wakaondoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Siku hizi watu wa Keshero hawapendi kurudi nyumbani gizani.

Septemba 1, siku ya kufungua shule, picha moja iliwekwa kwenye kundi la WhatsApp. Ilikuwa risiti ya muhula wa kwanza, dola 80, kwa jina la binti. Waliojibu kwa alama ya dole gumba walikuwa 19. Mmoja wao alikuwa miongoni mwa wale tisa waliokuwa kimya. Hakuandika neno, lakini jioni alituma dola tano.

Mpaka tunakwenda mitamboni, benki ilikuwa bado haijatoa jibu. Mkutano ujao umepangwa Desemba, kabla ya karo ya muhula wa pili.